Paa la Bi Zuhura

Sadiki alinipigia simu mwenyewe. Hatukuwa tumesikiana sauti kwa miaka mingi, lakini nilimtambua kabla hajajitaja, kwa ule mtindo wake wa kuvuta pumzi kwanza kama mtu anayejiandaa kusamehe. "Leonsia, dada ametutoka," alisema. "Tunazika kesho. Uje. Wewe ulikuwa kama mwanawe." Nikampa pole, nikakata simu, nikakaa jikoni kwangu hapa Mbeya nimejaa hasira. Kama mwanawe! Bi Zuhura hakunipenda hata siku moja, nami sikumpenda, na kama kuna heshima tuliyowekeana sisi wawili ni kwamba hatukudanganyana juu ya jambo hilo. Asubuhi nilipanda basi la Sumbawanga. Nilitaka kumsindikiza adui yangu mwenyewe, na sikutaka mdogo wake aachiwe peke yake kazi ya kumweleza kwa watu.

Wanawake tulikaa sebuleni juu ya mikeka, khanga kichwani, miguu tumeinyoosha mbele. Mama mmoja aliyetoka Kabwe alikuwa akilia taratibu na kusema, "Marehemu alikuwa mpole jamani, hana maneno na mtu." Wengine wakaitikia. Nikainamisha uso ili wasione ninavyokunja midomo. Mwanamke huyo mpole aliwahi kunimwagia miguuni maji aliyooshea samaki, kwa sababu nilipitisha toroli la mchanga kwenye ua wake bila kubisha. Nimepita miaka hamsini sasa, nimezika watu wengi, na bado sijazoea jinsi msiba unavyompaka mtu chokaa mpaka asionekane alivyokuwa. Kwa hiyo nimeamua kuuandika mwaka ule niliofanya kazi nyumbani kwake kama ulivyokuwa. Nilikozaliwa na nani alinilea hayana kazi hapa. Kitabu hiki kina sura nyingine za hayo.

Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi na cheti cha ujenzi, msichana wa Kifipa mwenye futikamba kiunoni, na hakuna mtu Sumbawanga aliyetaka kujengewa na mimi. Sadiki alinichukua kwa sababu nilikuwa wa bei rahisi, na hakunificha hilo. Alikuwa na malori yanayokwenda Kasanga na kurudi na samaki, na alikuwa amerithi nyumba ya baba yao karibu na soko. Nyumba yenyewe ilikuwa ya matofali ya kuchoma yaliyoungwa kwa udongo, kuta nene kiasi kwamba ungeweza kukaa dirishani ukakunja miguu kama uko kwenye kiti. Mbele kulikuwa na baraza ndefu yenye nguzo za mninga zilizong'arishwa na migongo ya watu, na vyumba viwili vilivyokuwa maduka. Nyuma, vyumba vingine viliuzunguka ua. Mabati yalikuwa mekundu kwa kutu. Ndani, mtu fulani aliwahi kupiga plasta ya saruji juu ya ule udongo, na kuta zilikuwa zikitoka jasho na kubanduka mabamba mabamba. Sadiki alisimama katikati ya duka la zamani, koti la sufu limefungwa mpaka shingoni maana ilikuwa Juni na upepo wa Sumbawanga mwezi huo hauna mzaha, akaipiga teke nguzo ya baraza. "Nataka nyumba ya kisasa," alisema. "Vioo. Dari nyeupe. Marumaru mpaka nje. Hizi takataka za mzee ziondoke zote."

Dada yake alitokea mlangoni. Alikuwa mkubwa kwake kwa miaka mingi, mrefu, mkavu, shuka zito limefungwa juu ya baibui. Nikapiga goti kidogo. "Shikamoo, Bi Zuhura." Alinitazama kuanzia viatu mpaka kichwani, kisha akamgeukia Sadiki. "Huyu ndiye bomoabomoa?" Shikamoo yangu haikujibiwa. Haikujibiwa siku ile wala siku nyingine yoyote ya mwaka ule, nami niliendelea kuitoa kila asubuhi kwa ukaidi mtupu, kama mtu anayegonga mlango wa mdeni wake.

Nilipewa chumba cha nyuma kilichokuwa stoo ya chumvi na dagaa. Harufu ilikuwa imeingia kwenye matofali. Chakula nilipewa kwenye mlango wa jiko: ugali kwenye sahani ya bati iliyobanduka rangi, na samaki. Kama ni mgebuka, mgongo ulikuwa wa Sadiki, tumbo lilikuwa la Bi Zuhura, na mimi nilipata mkia, umewekwa wima juu ya ugali kama bendera, ili nisikosee kuelewa. Nilikula wote mpaka mwiba wa mwisho. Fundi wangu naye hakunipenda. Mzee Nestori, mwashi kutoka Matai, alinitangazia siku ya kwanza kwamba alishika mwiko kabla mama yangu hajaolewa. Nilipomwambia abandue ile saruji yote na apige chokaa badala yake, alicheka mbele ya wasaidizi wake. "Binti, shule wamekufundisha kurudi nyuma?" Nikamwambia ukuta wa udongo ukifungwa kwa saruji maji hayana pa kutokea, yanaula kwa ndani. "Basi yaule," akasema, akapiga saruji makusudi ukuta mzima wa duka la kushoto. Nilimbandulisha wote. Tangu hapo salamu kati yetu ikafa.

Na Sadiki tuligombana wiki nzima kuhusu baraza. Nilimwambia hivi, na nakumbuka kwamba sauti yangu ilikuwa juu kuliko inavyofaa kwa mtu anayekulipa: "Ukitaka vioo na marumaru, vunja, ujenge boksi kama la wenzako. Yako mangapi mjini hapa? Lakini baraza hii ukishaivunja hutaipata tena popote. Tajiri mwenzako atajenga boksi kubwa kuliko lako mwakani. Baraza hii hataiweza." Hilo lilimwingia. Sadiki hakujali kitu cha kale, ila alijali sana kuwa na kitu ambacho mwingine hana. "Sawa," alisema. "Lakini choo kiwe ndani, maji ya moto yawepo, na mtu akiingia sebuleni anyamaze." Hayo niliyaweza. Nilichora maduka mawili yakiunganishwa kuwa sebule moja, na tao la matofali likiachwa wazi katikati pale ukuta ulipokuwa. Mbao za zamani za madirisha zingebaki nje, vioo vikae ndani yake kuzuia upepo. Upande wa ua ningefungua madirisha mapana ili jua la asubuhi lipashe vyumba moto. Jiko na bafu vingekaa kwenye stoo za nyuma, sakafu iwe ya saruji nyekundu iliyosuguliwa mpaka ing'ae. Chumba cha pembeni, chenye mlango wa kutokea uani, kingekuwa chumba cha kulia. Hicho ndicho kilikuwa cha Bi Zuhura, lakini Sadiki aliniambia dada anahamia Kabwe kwa binti yake, kule ziwani kuna joto, magoti yanamsumbua. Nikachora meza na viti pale kilipokuwa kitanda chake.

Nyumba za aina ile kuta za vyumba vya nyuma hazifiki juu. Zinaishia usawa wa boriti, na hewa chini ya bati ni moja kwa wote. Asubuhi moja, chai bado haijachemka, nilikuwa nafunga kamba za viatu nikawasikia.

"Nani kakwambia mimi naenda Kabwe?" alisema Bi Zuhura.

"Dada, nyumba inatengenezwa. Huwezi kukaa kwenye vumbi."

"Vumbi likiisha?"

Sadiki akakohoa.

"Nimekuuliza. Likiisha, narudi chumba gani?"

"Tutaona, dada."

"Baba alilala miaka kwenye kitanda kile. Nimemwosha mimi, nimemgeuza mimi. Wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa kwenye malori."

"Malori ndiyo yaliyowalisha."

"Na mgongo huu ndio uliokubeba wewe. Sasa sikiliza. Yule msichana wako wa kuchorachora, mwambie akija na kamba yake chumbani kwangu nitamfunga nayo."

Ningependa kuandika kwamba nilimwonea huruma. Sikumwonea. Nilichosikia ni kwamba nimetumika. Nilikuwa nimejivunia mchoro ule kuliko kitu chochote nilichokuwa nimefanya maishani, na kumbe mtu alikuwa ameushika mkononi kama fimbo ya kumfukuzia dada yake. Nilimfuata Sadiki kwenye uwanja wake wa malori, akiwa amesimama kwenye mafuta machafu na madereva wanasikiliza.

"Bi Zuhura haendi Kabwe," nikamwambia.

"Nimekuajiri kusikiliza kuta au kuzitengeneza?"

"Nabadilisha mchoro. Chumba chake kinabaki."

Nilitegemea matusi. Badala yake alitabasamu, akanifuta vumbi begani kama mtoto. "Vizuri, Injinia. Wewe si ndiye mwenye cheti. Kesho nenda Chala ukaniangalizie mbao za dari, naambiwa kuna mtu ana mninga mkavu." Nilikwenda. Mbao hazikuwepo, na huyo mtu mwenyewe hakuwahi kusikia habari za mninga wowote. Nilirudi mchana nimekaa juu ya magunia ya maharage kwenye lori la mtu mwingine, na wakati tunaingia mjini mawingu yalikuwa yamejaa juu ya milima ya Mbizi, meusi mpaka chini. Zilikuwa mvua za kwanza za msimu. Ufipa zikianza hazianzi kwa kunong'ona.

Pembe ya nyumba ilikuwa wazi. Chumba cha Bi Zuhura peke yake kilikuwa kimeezuliwa, mabati yamepangwa uani, misumari imerundikwa kwenye ndoo. Niliingia. Alikuwa amekaa kitandani katikati ya chumba, mgongo umenyooka, mikono juu ya magoti, na juu ya kichwa chake hakuna kitu ila mbingu. Godoro lilikuwa chini yake. Hakuwa amebeba hata kikapu kimoja kutoka pale. Aliniangalia kama vile nimekuja kumalizia kazi.

Nestori na wenzake walikuwa barazani, vifaa vimeshaoshwa. "Mwenye nyumba kaagiza tuanzie pale," alisema bila kusimama.

"Kuna mtu ndani."

"Tulimwambia atoke."

"Mvua hiyo inakuja. Pandeni tuyarudishe."

"Anayenilipa ni yeye, binti, si wewe."

Nikambwatukia kwa Kifipa maneno ambayo sitayatafsiri, nikachukua nyundo yake kutoka mbele ya miguu yake, nikaegemeza ngazi ukutani nikapanda. Kukaa juu ya boriti kulikuwa rahisi. Kupata bati kutoka chini ndiko kulikokuwa kugumu, na nilikuwa nimeshaanza kushuka niliposikia bati likiburuzwa. Bi Zuhura alikuwa amefunga khanga kiunoni, na magoti yake mabovu, analisimamisha bati ukutani. "Shika, mpumbavu wewe," alisema. "Shika vizuri, usije ukaniua nalo." Nilishika. Likanikata kiganja. Akaleta la pili. Alitukana chuo changu, akatukana aliyenifundisha, akasema mikono yangu ni ya kukamulia ng'ombe. Nami huku juu, misumari mdomoni, nikamjibu kama nisivyothubutu nikiwa chini. "Inua, mama! Inua juu! Unaniletea mimi au unawaletea vyura?" Upepo ukaja kwanza, ukaliinua bati nililokuwa sijalipigilia nikalilalia kwa tumbo. Kisha matone, makubwa, ya baridi. Tulikuwa tumefunika nusu ya chumba Nestori alipotokea kwenye ngazi. Alininyang'anya nyundo, akang'oa msumari niliotoka kuupiga, akaupiga upya. Baadaye alikana kabisa kwamba alipanda kwa ajili ya mtu. Alisema alishindwa kuvumilia kutazama kazi mbovu.

Tulimaliza mvua ikitupiga moja kwa moja. Nusu ya godoro ilikuwa imelowa, na ukuta mmoja ulikuwa umeanza kumong'onyoka udongo. Niliingia jikoni nikitiririka. Bi Zuhura alikuwa amewasha mkaa, amechemsha chai ya tangawizi. Alimimina kikombe kimoja, akanywa yeye, taratibu, mpaka mwisho. Halafu akaisukuma sufuria upande wangu kwa mguu.

Sadiki alikuja mvua ilipokatika. Aliliona paa kabla hajashuka kwenye gari. "Nani kakutuma?" aliniuliza barabarani, kwa sauti ya kutosha soko zima.

"Paa haliezuliwi juu ya mtu."

"Chukua kamba yako, toka. Kazi huna."

Nilikuwa nimeshageuka kwenda kukusanya vitu. Kiganja kilikuwa kikivuja damu, na moyoni nilijua mji huu hautanipa kazi nyingine. Ndipo dada yake akasema kutoka barazani, si kwa kupaza: "Anatoka kwa amri ya nani? Baba hakuacha mtoto mmoja. Waite wazee, Sadiki. Nataka fungu langu kwenye nyumba hii lipimwe. Na atakayelipima ni huyohuyo." Wauza vitunguu wakageuka. Sadiki alitazama watu, akatazama dada yake, akaingia kwenye gari bila kufunga mlango vizuri.

Kikao kilikaa sebuleni, katikati ya mifuko ya chokaa, maana hapakuwa na chumba kingine kikavu cha kutosha watu. Baba yao mdogo alitoka Kabwe, mzee mfupi wa maneno, kofia ya kitambaa imeshuka mpaka kwenye nyusi. Sadiki alizungumza kwa muda mrefu na vizuri sana, juu ya ukarabati, usalama, afya ya dada. Mzee akamwacha amalize.

"Paa uliliondoa wewe?"

"Baba, lilikuwa la kutengenezwa, lina kutu..."

"Dada yako alikuwa ndani?"

Sadiki alitazama sakafu. Mzee akasema chumba cha pembeni na upande wote wa ua ni fungu la Zuhura, hatoki mpaka atake yeye, na nyumba imaliziwe yeye akiwa ndani yake. Kuhusu mimi alisema tu, "Aliyefumua na afume," jambo ambalo lilinikera kwa sababu sikufumua kitu, lakini nilinyamaza. Nilitaka kuimaliza ile nyumba kuliko nilivyotaka haki.

Watu wakisikia habari hii hudhani kuanzia hapo tulielewana. Mambo yalizidi kuwa mabaya. Sadiki hakuniambia neno moja tena mpaka nyumba ilipokwisha, alikuwa akimwambia Nestori, nami nikiwa nimesimama pale pale, "Mwambie huyo." Na Bi Zuhura, sasa akiwa mwenye nyumba kwa maneno ya wazee, alipata ruhusa ya kuwa juu ya kichwa changu kutwa nzima. Rangi ya mlango ilikuwa ya hospitali, ibanduliwe. Sakafu nyekundu ilikuwa na wimbi pale mlangoni, irudiwe. Tulirudia, na wimbi lilikuwepo kweli, jambo lililoniuma zaidi. Aligoma kabisa kuhusu dirisha pana nililomchorea chumbani kwake, akaliita mdomo wa mlevi, kisha likiwa limekaa, jua la asubuhi linaingia mpaka kitandani, alihamisha kitanda chake hatua mbili kulifuata. Mkia wa mgebuka uliendelea kuja. Maisha yangu yote tangu hapo nimefanya kazi ya kurekebisha nyumba za zamani, Mbeya, Iringa, na watu wenye kamera huja kuniuliza jinsi ninavyoyapenda majengo ya kale. Hutaka niongee polepole juu ya mababu. Nikikumbuka ile ya kwanza naona hasira tu: yangu, ya Nestori, ya yule mama kwenye kitanda chini ya mawingu. Kama tungekuwa watu wapole, pale sokoni leo pangekuwa na boksi la vioo.

Tulimaliza masika yakiisha. Sadiki alikuja na wageni siku ile ile, wafanyabiashara wenzake na wakubwa wawili wa ofisi za serikali, kabla hata hatujakusanya vifaa. Na ni kweli, walipoingia sebuleni walinyamaza. Kuta zilikuwa nyeupe kama maziwa, chokaa imepakwa mkono wa mwisho, tao la matofali limesimama wazi katikati, sakafu nyekundu inang'aa, na mbao za madirisha za zamani zimepakwa mafuta mpaka ile mishipa ya mti inaonekana. Mimi nilikuwa nimepiga magoti kwenye kona chini ya dirisha, naziba ufa mdogo. Sadiki alikuwa akipita na mkono hewani. "Mafundi walitaka kuivunja baraza," alisema. "Mimi nikawaambia hapana. Kitu cha mzee hiki."

Mmoja wa wale wakubwa akaniona. "Na huyu binti?"

"Wa kazi tu. Wewe, katuletee chai."

Nilisimama na mwiko mkononi. Sijui ningefanya nini. Bi Zuhura alikuwa mlangoni mwa chumba chake, shuka begani.

"Huyo hapiki chai," alisema. "Huyo ndiye aliyechora nyumba hii. Wewe ndiye uliyetaka kuivunja, na mimi nikiwa ndani. Chai yako kaipike mwenyewe."

Mkubwa mmoja alianza kutazama dari kwa makini sana. Shavu la Sadiki lilikuwa likirukaruka. Nilimtazama Bi Zuhura, na nakiri kwamba nilifungua mdomo nimwambie neno. Akanigeukia.

"Na wewe umesimama unatazama nini? Huoni unavyonichafulia sakafu? Toka na mabuti yako!"

Nikatoka. Nilikaa barazani nikayavua yale mabuti nikayagonga kwenye ngazi, kwa hasira, udongo ukaruka mpaka barabarani. Nyuma yangu, kupitia dirishani, nilisikia hatua za mgeni mmoja zikisogea kwenye kona nilikokuwa nikiziba ufa, na sauti ya Bi Zuhura ikimsimamisha, kavu vilevile: "Ondoa mkono hapo. Kazi ya watu bado mbichi."